UZI: Kutafuta vificho kwa GPS wakati wa theluji, na jinsi upepo wa kusi ulivyonipotezea vitatu hapa Malindi

MtuWaMambrui (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi. Uzi huu ni mrefu. Nimeuandika kwa siku mbili kila nikipata nafasi dukani, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Nilikaa Minnesota, Marekani, miaka sita, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Mwaka wa kwanza baridi ilipoingia nilijifungia ndani. Ikawa ni kazi, basi, kitanda. Aliyenitoa ni kijana mmoja tuliyekuwa naye zamu moja. Alinionyesha programu kwenye simu yake: ramani, na juu ya ramani vidoti, na kila kidoti ni chombo ambacho mtu amekificha mahali. Unapewa latitudo na longitudo, unakwenda, unatafuta. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo ndani, kisha unakirudisha palepale kama ulivyokikuta. Wenyewe wanauita mchezo huu jiokashingi (geocaching). Mimi huviita vificho, na ndivyo nitakavyoviita hapa.

Kificho changu cha kwanza cha theluji kilikuwa Minneapolis, si mbali na maporomoko ya Minnehaha. Maji yale huanguka kama mita 16, na Januari ile yalikuwa yamesimama, yameganda yakining'inia kama pazia. Sikuwahi kufikiria kwamba maji yanaweza kunyamaza namna ile.

Simu ikasema zimebaki mita nne. Mbele yangu gogo limelala, limefunikwa na theluji ya kufika magotini. Nikachokoa kwa fimbo polepole kuanzia upande wa mizizi, huku nasikiliza. Fimbo ikigusa gogo sauti ni butu, ikigusa bati ni sauti nyingine kabisa. Nikaisikia. Nikafukua kwa mikono nikapata sanduku la bati la kijeshi, lile la risasi, lenye mpira kwenye kifuniko. Komeo limeganda. Nikalipulizia pumzi ya moto, na hilo lilikuwa kosa, maana pumzi ina maji, nayo ikaganda juu ya barafu iliyokuwepo. Mwisho nililikumbatia komeo kwa viganja viwili ndani ya glovu mpaka likaachia. Nikatoa kalamu ya wino, haikuandika hata nukta. Mle ndani kulikuwa na penseli fupi kama kidole cha mtoto, imechongwa kwa kisu. Aliyeiweka alijua.

Kilichonikaa moyoni ni kile kijitabu. Juni na Julai majina yamejaa kurasa. Kuanzia Desemba majina manne tu, langu la tano. Na karatasi kavu kabisa.

Sasa ya nyumbani. Mwaka jana mwezi wa Januari, msimu wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia, nikaficha vyangu vitatu hapa Malindi. Cha kwanza kwenye mwanya wa mwamba ufuoni. Cha pili chini ya mvinje, nimekiegemeza kwenye mizizi. Cha tatu kwenye ukuta wa hoteli moja, mtunza bustani alikubali. Mwezi wa nane nikavizungukia. Mwamba upo, kificho hakipo, bahari ya kusi imekinyofoa. Kwenye mvinje mchanga umepanda hadi kifundo cha mguu wangu, nikachokoa nusu saa sikugusa kitu. Pale hotelini mlinzi alikuwa amebadilishwa, mpya hakuambiwa lolote, akakiona kikopo akakitupa. Simlaumu.

Nimevitafakari vile vitatu usiku na mchana. Yule mtu wa Minneapolis alificha chake wakati wa majani mabichi lakini alikificha kwa ajili ya Januari. Mimi nilificha vyangu kwenye kaskazi, nikavifichia kaskazi. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya uzi huu. Wenye uzoefu wa theluji, wa kusi, wa maji kujaa na kupwa, karibuni.

---

KakaWaShela

Kaka, umenigusa pahali. Dada yangu amefika Minnesota mwezi wa kumi, mji wa St. Cloud, amefuata mumewe. Hajawahi kuona theluji maishani. Kila nikimpigia ananiambia yuko ndani, mume yuko kazini, dirishani hamna mtu barabarani. Juzi alilia kwenye simu. Mamangu hali vizuri tangu siku hiyo.

Huu mchezo anauweza mtu asiye na vifaa? Ana simu tu, na koti alilonunuliwa.

---

Mkaazi_Barani

Naomba kuuliza kwa nia njema. Mtu mzima anatembea kwenye baridi ya kuua akatafute kikopo chenye karatasi, apate nini?

---

BintiLangoni

@Mkaazi_Barani mimi niko Lamu, sijawahi kuona theluji, lakini nimetafuta vificho kidogo nilipokuwa chuoni Mombasa. Unachopata ni pale ulipofikishwa. Mtu aliyekaa mahali miaka ishirini anakuchagulia pahali anapopapenda, halafu anakuambia nenda ukapaone. Nililelewa Mombasa nusu ya utoto wangu, na kuna ngazi moja ya mawe inayoshuka baharini Mji wa Kale sikuwahi kuijua mpaka kificho kilipoupeleka mguu wangu pale.

@KakaWaShela pole kwa dada. Asikae ndani.

---

MtuWaMambrui

@KakaWaShela usiwe na wasiwasi, simu inatosha. Nitaandika kwa kirefu, umtumie kama ilivyo.

Kwanza asianze na kificho chochote kilicho karibu. Kila kificho kina ukurasa wake, na ukurasa una alama ndogondogo. Aangalie yenye picha ya chembe ya theluji. Maana yake mwenye kificho amesema kinapatikana hata wakati wa baridi: pengine kimening'inizwa mtini, au kina sumaku na kimebanwa chini ya benchi au nyuma ya kibao. Kilicho chini kabisa ardhini ataachana nacho mpaka mwezi wa nne, kwa sababu kikigandamana na udongo hata ukikiona hakitoki, na ukikilazimisha utakivunja. Plastiki kwenye baridi kali inakuwa kama ganda la yai.

Kisha kuna namba mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza ni ugumu wa kutafuta, ya pili ugumu wa njia. Achague 1 na 1, au 1 na 1.5. Lakini ajue kwamba namba hizo mara nyingi ziliandikwa kiangazi. Njia ya 1.5 ikiwa na theluji ya magotini inakuwa kitu kingine.

Asome walioandika karibuni. Kama wa mwisho kukipata aliandika wiki iliyopita, kipo na njia ipo. Na kukiwa na nyayo, nyayo zenyewe zitamsaidia: mara nyingi utaona njia moja imetoka barabarani ikaenda moja kwa moja mpaka mti fulani, ikasimama, ikarudi. Hiyo ni raha na ni balaa kwa pamoja, kwa sababu na mtu asiyejua mchezo anaweza kuzifuata akakibeba. Yeye akishakipata asirudi vile vile. Apite mbele, azunguke miti miwili mitatu, atoke upande mwingine. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kila mara.

Simu. Baridi inaua betri. Simu yangu iliwahi kuzima ikiwa na asilimia 40, nikiwa msituni saa kumi jioni, na Desemba kule jua linazama kama saa kumi na nusu. Aiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, aitoe kuangalia, airudishe. Kabla ya kuondoka nyumbani apakue ramani na maelezo yote, asitegemee mtandao. Akija kununua kifaa cha GPS chenye betri za kawaida, atumie za lithiamu, hizo hustahimili baridi kuliko za alkalini.

Mavazi hata mumewe atamwambia, ila neno moja: ndani asivae pamba. Pamba ikishika jasho haikauki, na ukisimama kutafuta dakika kumi jasho lile linakuwa barafu mgongoni. Sufu au kitambaa cha michezo. Glovu nyembamba ndani, nene juu, ili akivua ya nje kufungua kikopo asibaki mikono mitupu. Vidole vikianza kukosa hisia, arudi. Hata kama zimebaki mita mbili. Kificho hakikimbii.

Penseli. Nimeshasema ya wino haiandiki.

Na jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoharibu kijitabu cha mtu: theluji yenyewe haiharibu karatasi, kuyeyuka ndiko kunakoharibu. Chembe ya theluji ikiingia kwenye kikopo ikiwa bado imeganda unaweza kuipangusa kama vumbi. Ukiiacha ndani, siku jua likitoka inakuwa maji, na maji hayana pa kutokea. Kwa hiyo agonge kikopo theluji idondoke kabla ya kufungua, akipe mgongo upepo, na asiweke kijitabu juu ya glovu yenye unyevu. Mimi nilikichukua kijitabu hadi ndani ya gari lenye joto nikaandika vizuri kwa nafasi, nikakirudisha kikiwa na unyevu wa ndani ya gari. Mwezi wa tatu mwenyewe aliandika kwamba kurasa zote zimeshikana. Nilimwandikia kumwomba radhi, nikampelekea kijitabu kipya.

Mara ya kwanza aende na mumewe, mchana, bustani ya mjini yenye watu. Na kila mara amwambie mtu anakwenda wapi na atarudi saa ngapi.

---

KakaWaShela

Nimemtumia yote. Ameniuliza, kuna ziwa karibu na kwao, programu inaonyesha kificho kwenye kisiwa katikati. Jirani amemwambia watu wanatembea juu ya barafu mpaka kisiwani. Ni kweli?

---

MtuWaMambrui

Ni kweli, na hapo asiende mwenyewe kabisa.

Ziwa likiganda visiwa vinafikika kwa miguu. Kuna vificho ambavyo kiangazi lazima uwe na boti, na wengi husubiri baridi kwa ajili hiyo. Kipimo wanachokifundisha kule ni angalau sentimita 10 za barafu mpya, safi, ya kung'aa, kwa mtu anayetembea. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo unene uwe maradufu. Na unene haulingani ziwa zima. Pale mto unapoingia au kutoka, barafu ni nyembamba. Theluji nzito juu ya barafu inafanya kama blanketi, inazuia chini kuganda sawasawa. Nilikwenda kisiwani mara moja tu, Februari, na wavuvi wa pale ambao walitoboa na kupima kila hatua chache. Nilisikia barafu inalia chini yangu, sauti ndefu kama kamba inayovutwa. Wao walicheka, mimi nilisoma kila aya ninayoijua.

Mwaka wa kwanza dada abaki nchi kavu. Tafadhali.

---

NahodhaMstaafu

Wanangu, salaam. Nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu. Mimi nimeendesha mashua miaka mingi kati ya Kizingitini, Lamu na Malindi. Hayo ya barafu kulia sijayasikia, lakini huyu kijana wa Mambrui anayosema kuhusu msimu ndiyo yetu sisi. Wazee walihesabu mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa Waswahili, kwa miongo, siku kumi kumi, wakajua mwongo gani upepo unageuka na mwongo gani usitoke. Na nyota. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu hakupanda wala hakutweka tanga bila kuangalia.

Sasa nifahamisheni. Hiyo namba ya mahali inatoka wapi, na inakosea kiasi gani? Nilikuwa na mashine yake kwenye mashua miaka ya mwisho, lakini hakuna aliyenieleza.

---

MwalimuJiografia

Shikamoo nahodha. Mimi nafundisha sekondari hapa Malindi, ngoja nijaribu.

Juu kuna setilaiti za GPS zaidi ya ishirini, kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatuma wakati wake. Mashine yako inapokea, inapima ishara imechelewa kiasi gani, inajua umbali. Ikipata nne au zaidi inajua ulipo. Ni mwenzake Kilimia, ila nyota hii inakuambia saa.

Kukosea: mahali pa wazi, mita tatu hadi tano kwa kawaida. Zamani raia waliweza kukosea hata mita 100, kwa kuwa serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga ishara kwa makusudi. Uvurugaji ule ulizimwa Mei 2, 2000. Kesho yake tu, Mei 3, mtu anayeitwa Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka namba zake kwenye intaneti aone kama mtu ataipata. Mike Teague aliipata. Ndani ya ndoo kulikuwa na vitu vya kubadilishana, kimojawapo kopo la maharagwe. Mchezo wote huu umetoka pale. Ndoo ile ilikuwa imefukiwa kiasi. Leo kanuni zinakataza kufukia bila ruhusa ya mwenye ardhi, na chakula hakiruhusiwi, kwa sababu wanyama hunusa wakatafuna chombo.

Niongeze kwa nahodha, maana wanafunzi wangu huwa hawaamini nikiwaambia: sisi wa pwani hii setilaiti si habari ya mbali. Hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, ilirushwa setilaiti ya kupima miali ya eksirei Desemba 12, 1970. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Nguzo za jukwaa wavuvi wa Ngomeni wanaziona mpaka leo.

Na kuhusu namba. Vificho huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali tatu. Ile desimali ya mwisho ikibadilika kwa moja, hapa Malindi umesogea mita 1.85 hivi, iwe kusini au mashariki. Minneapolis, iliyo digrii 45 kaskazini, kwenda kusini ni hizo hizo 1.85, lakini kwenda mashariki ni 1.3 tu, kwa sababu mistari ya longitudo inakaribiana kuelekea ncha. Nimewapa wanafunzi swali hilo, wameligombania kipindi kizima.

---

NahodhaMstaafu

Marahaba mwalimu. Nimefahamu. Mungu akuzidishie.

---

BintiLangoni

Nimesubiri niseme ya Lamu, maana ni tofauti na Malindi.

Mwaka huu nilitaka kuficha kimoja Mji wa Kale. Nikasimama kwenye kichochoro nyuma ya Mkomani, kuta za mawe pande zote mbili, nikinyoosha mikono nagusa huku na huku. Simu ikaniweka baharini. Nikangoja. Ikaniweka juu ya paa la mtu. Nikahesabu ikiruka kama mita 40. Ishara inagonga ukuta kabla ya kunifikia, kwa hiyo simu inadhani nipo mbali zaidi. Mwenye kutafuta kwa namba hizo angegonga milango ya watu, tena saa ya adhuhuri watu wamelala. Kwa mji wetu namba zichukuliwe barabara ya mbele, uwazini, pale bandarini au Mkunguni mbele ya Ngome, halafu maelezo yamtembeze mtu kwa miguu: hesabu milango ya nakshi mingapi, pinda wapi. Maelezo yafanye kazi ambayo setilaiti haiwezi.

La pili, ruhusa. Ngome, magofu ya Takwa kule kisiwa cha Manda, na huko kwenu Gede, zote ziko chini ya Makumbusho ya Taifa. Mtu asiweke kitu ndani wala asichokoe ukuta. Mji wetu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001 na Gede tangu 2024, na jiwe la matumbawe likitoka haliwi tena lilivyokuwa. Huko kuna aina ya kificho kisicho na chombo: unafika, unatazama, unajibu swali. Hicho ndicho cha magofu.

La tatu nalisema kwa uzito. Kwetu kikopo kisicho na mwenyewe kinatisha watu, na wana haki ya kutishika. Chombo kiwe cha plastiki angavu, kilichomo kionekane, kiandikwe kwa Kiswahili nje ni nini na ni cha nani, na mzee wa mtaa na kituo cha polisi wajulishwe kabla. Hakuna kificho kinachostahili kumfanya mama wa mtu akimbie na watoto.

Mwisho, Shela. Naona @MtuWaMambrui mchanga ulikumezea kimoja. Vilima vya mchanga vya Shela vinatembea. Unachoweka leo mguuni mwa kilima, kusi ikivuma, kilima kimekikalia. Nahisi ndiyo theluji yetu, ila yetu haiyeyuki. Na asije mtu akachimba pale, maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya vilima vile.

---

MtuWaMambrui

Dada BintiLangoni, hili la "theluji isiyoyeyuka" limenifanya nitoke nje nikakae kibarazani. Ndivyo hasa. Kule nilikuwa najua Aprili kificho kitarudi kuonekana. Hapa mchanga hauna Aprili.

Sasa nimeandika niliyojifunza kule nikayageuza ya huku, mnisahihishe.

Bati la kijeshi ambalo Minnesota ni mfalme, hapa chumvi inalila. Nililiweka moja nyuma ya nyumba kama jaribio, mita 200 kutoka baharini, na baada ya mvua za masika bawaba ilikuwa inamwaga kutu mkononi. Sumaku ndogo vilevile. Hapa ni plastiki nene yenye mpira wa kufungia, na iwe kivulini, maana jua nalo linaipasua kama baridi inavyoipasua kule. Vyombo vya siagi na vya aiskrimu havifai, vifuniko vinapinda.

Urefu. Kule tulisema weka juu ya kimo cha theluji. Hapa niseme weka juu ya alama ya bamvua (maji makubwa) ya kusi, si ya kaskazi. Ukiangalia mwamba utaona mstari ambapo chaza wameishia, na juu yake weusi weusi. Mimi nilikiweka juu kidogo ya chaza nikaona nimefanya kazi. Weusi ule ndiko maji yanakoruka kusi ikipiga. Nilipaswa kupanda zaidi ya huo.

Nyayo. Ufuoni bahari inazifuta mara mbili kwa siku, tuna bahati. Lakini kwenye mchanga mkavu wa juu zinakaa, na wauza madafu wanasoma nyayo kuliko mimi.

Na Takwa ya BintiLangoni imenikumbusha kile kisiwa cha ziwani. Kule barafu ndiyo inayokufungulia njia, hapa ni maji yakijaa. Boti inaingia ule mkono wa mikoko maji yakiwa juu, ukichelewa unabaki kwenye matope mpaka maji yajae tena. Mwenye kuandika kificho cha upande ule aeleze saa za maji kwenye ukurasa, kama kule wanavyoweka alama ya theluji.

---

NahodhaMstaafu

Umesema sawa kuhusu weusi wa mwamba. Niongeze moja. Upande wa mwamba unaotazama kusini-mashariki usiweke kitu hata ukipanda namna gani. Weka upande wa bara, mgongoni mwa upepo. Mashua tulizifunga hivyo hivyo.

---

Mkaazi_Barani

Nilikuwa nimeuliza mtu anapata nini. Nimejibiwa, asanteni. Mwalimu, kama siku moja mtakwenda kuficha na hao wanafunzi wako, naomba nije na mwanangu. Ana miaka kumi na moja, hatoki kwenye simu, pengine simu hiyo hiyo itamtoa.

---

MwalimuJiografia

Karibu sana. Tumekubaliana na mwanzisha uzi kwamba tutaweka viwili vipya Januari, umbali wa kutosha kati yao (kanuni ni mita 161 angalau), na wanafunzi watavikagua kila mwisho wa mwezi mwaka mzima, hasa Juni, Julai na Agosti. Kazi ya kukagua ndiyo somo lenyewe. Dokezo wataliandika wao kwa fumbo la kuruka herufi 13, kama ilivyo desturi ya mchezo.

---

KakaWaShela

Wanajamvi, nina habari.

Dada alitoka Jumamosi na mumewe, bustani ya mjini. Cha kwanza hawakukipata. Cha pili hawakukipata, na baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Aliandika kwenye programu "sikukipata" mara zote mbili. Jumapili mwenye kificho cha pili akamjibu mwenyewe, kwamba alikwenda kuangalia, theluji iliyoanguka kutoka matawini ilikiangusha, amekirudisha, na anamshukuru.

Leo amekwenda peke yake, mchana, alimwambia jirani. Kilikuwa kimening'inia ndani ya mti wa msonobari, usawa wa macho, kimefungwa kwa waya, kimepakwa rangi ya gome. Anasema alisimama mbele yake dakika tano akikitazama bila kukiona. Aliandika jina lake kwa penseli, na chini yake akaandika "Shela, Lamu". Amenitumia picha: mkono wenye glovu, karatasi ndogo, na nyuma nyeupe tupu. Mamangu ameniomba niichapishe studio.

---

MtuWaMambrui

Allahu akbar. Mwambie amefanya vizuri kuliko mimi, mimi ilinichukua mwaka mzima kutoka nje.

Na huyo mwenye kificho aliyetoka Jumapili kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri akakitazame kwa sababu mgeni mmoja alisema hakukiona, ndiye niliyekuwa namwambia mwalimu kuhusu kukagua.

Mwalimu, kesho ni bamvua, maji yanakupwa saa nne asubuhi. Nitakuwa pale kwenye mwamba saa tatu na nusu nikiwa na chaki, tuuweke alama ule weusi unapoishia upande wa bara. Mkaazi_Barani mlete kijana, avae viatu vya kukanyaga chaza.